Njiwa Katika Dari ya Baba

Watu wengi huwapenda njiwa. Mimi nikimsikia njiwa akiguna juu ya paa, mdomo hunijaa mate, yale mate mepesi ya mtu anayekaribia kutapika, na hunibidi kutoka nje nivute hewa. Imekuwa hivyo tangu mwaka ule dada yangu mkubwa alipochumbiwa, katikati ya miaka ya tisini. Tulikuwa tukiishi karibu na soko la Chepilat, kwenye mteremko wa chai nyuma ya shule, mahali ambapo ukisimama juu unaona vilima vya Wakisii ng'ambo ya pili.

Baba alikuwa amestaafu. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai upande wa Kericho kwa miaka mingi, na katika yote aliyoyaona huko, lililomkaa moyoni zaidi lilikuwa dari. Nyumba za mameneja zilikuwa na dari. Zetu vijijini zilikuwa na mabati matupu, mvua ikinyesha hamsikilizani. Kwa hiyo alipojenga nyumba yake ya mawe aliweka dari ya mbao laini, ile watu huita silingi, akaipaka rangi nyeupe kwa mkono wake mwenyewe. Wageni wakiingia, macho yao yalipanda juu kabla hawajaketi, na Baba alikuwa akiwatazama wakitazama.

Jambo moja tu hakulimaliza. Upenuni, pale paa linapokutana na ukuta, aliacha wazi pande zote. Alikuwa na mti mmoja wa saipresi kwenye mpaka wa shamba, akasema utakapokomaa ataupasua mbao na kuziba. Mti ukawa unakua, na nyumba ikakaa vile.

Njiwa walitoka sokoni. Walikuwa wakiishi kwenye paa la kinu cha kusaga mahindi, na mwenye kinu alipong'oa mabati ya zamani na kuweka mapya, walikosa mahali pa kulala. Siku chache baadaye nikaona watano juu ya nyumba yetu, wamejipanga kama wanaoikagua. Mama alisema wamependeza. Nakumbuka vizuri kwamba alisema hivyo, kwa sababu baadaye alikana.

Kufikia mwaka uliofuata hatukujua tena walikuwa wangapi. Alfajiri tuliamshwa na kucha zao zikikwaruza mbao juu ya vichwa vyetu, kisha ule mguno, mguno usiokwisha, kama mtu anayesukutua koo asiteme. Doa la kwanza lilitokea juu ya kitanda nilichokuwa nikilalia na dada yangu. Lilikuwa dogo kama kifuniko cha birika, la rangi ya chai ya rangi. Baadaye likapanuka, likawa na kingo za manjano, na katikati yake ubao ukaanza kufura. Halafu ukaja utitiri, wadudu wadogo kuliko chembe ya pilipili, wanaoshuka kwenye nyufa na kutembea juu ya ngozi usiwaone, ila uhisi tu. Tulijikuna mpaka tukatoka vidonda shingoni.

Lililonitia kinyaa zaidi lilikuwa maji. Tangi letu lilipokea maji ya mvua kutoka paani, na njiwa walikuwa wakikaa kwenye mfereji wa paa mchana kutwa. Mama alianza kuyachuja kwa kitambaa. Kitambaa kilibaki na kitu kama kamasi ya kijani, na ndani yake vijinyoya. Tuliyachemsha, tukapikia, tukanywa. Siku moja nilikuta kijinyoya kimeelea ndani ya kikombe changu cha chai, cheupe, kimejikunja. Nilikitoa kwa kidole, na kwa kuwa Baba alikuwa ananitazama, nikainywa ile chai.

Mama alimwambia Baba mara nyingi. Baba alijibu kwamba ndege hawali nyumba. Nadhani hakutaka kukubali kwamba dari yake, ile aliyoitamani miaka yote, imegeuka kuwa choo.

Kisha dada akaposwa. Kijana alikuwa mwalimu, na watu wake walikuwa wafugaji wa upande wa Siongiroi, watu wa heshima, wanaosema kidogo. Siku ikapangwa mwezi wa Desemba waje kwa mazungumzo ya posa, sherehe ambayo sisi huiita koito. Walipotuma habari kwamba watakuja wanane, Baba aliketi sebuleni akainua macho, na nafikiri ndiyo siku ya kwanza aliyoliona doa la sebuleni, ambalo wakati huo lilikuwa limekuwa kubwa kama ungo.

Akaamua kuwaua. Alipata kwa mtu mmoja mabaki ya dawa ya kuulia wadudu wa shambani, akaichanganya na mahindi ndani ya karai. Mama alimwomba asifanye hivyo. Hakusema kwa ajili ya njiwa, alisema kwa ajili ya kuku wake. Baba akamwambia awafungie kuku.

Mimi ndiye niliyebeba lile karai. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ndio kwanza nimemaliza kidato cha nne, na hakuna aliyenilazimisha. Baba alisema tu, "Peleka, mwaga pale nyuma." Nikamwaga kwa mkono niliouvika mfuko wa plastiki, nikirusha huku na huku kama anayelisha, na nilikuwa nafurahi. Niliwaza juu ya utitiri na ile kamasi ya kijani, nikarusha hata zile punje zilizobaki kwenye kona za karai.

Walishuka karibu wote. Sikujua kwamba kufa kwa sumu huchukua muda. Nilidhani watalala tu. Njiwa wa kwanza alianza kuzunguka mahali pamoja, bawa moja limefunguka, akiuburuza mwili wake kama gari lililokatika ekseli. Mwingine aliingia katikati ya miche ya chai, akawa anatetemeka humo mpaka majani yakatikisika. Midomo yao ilitoa povu. Kinyesi kiliwatoka bila wao kujua, chembamba, cha kijani kibichi, na wengine wakaanguka juu yake wakajipaka. Walikufa pia ndege wengine ambao hatukuwalenga, wale wadogo wa manjano wanaosuka viota vyao kule mtoni, na kuku wawili wa Mama waliopenya uzio. Mama aliwaokota kuku wake kwa miguu, akapita nao mbele yangu.

Nilitapika nyuma ya zizi. Baba aliwazika aliowaona.

Lakini wengi walikuwa wameruka juu kufia kwao, darini.

Desemba kwetu jua huwa kali, na mabati huchemka. Siku ya tatu harufu ilianza. Mwanzoni ilikuwa tamu kidogo, kama ndizi zilizoiva kupita kiasi, ukajiuliza inatoka wapi. Siku ya tano ilikuwa uvundo unaoushika kwa mkono. Ulikaa kwenye blanketi, kwenye nywele, kwenye unga. Nikiweka tonge la ugali mdomoni nilihisi natafuna harufu ile. Kisha mabuu yakaanza kudondoka kupitia tundu la katikati ya sebule, lile Baba aliloliacha kwa ajili ya waya wa umeme utakapofika. Yalianguka mezani moja moja, meupe, yanajinyonganyonga. Dada yangu aliyafagia kwa kipande cha gazeti akilia, kwa sababu siku tisa tu zilikuwa zimebaki.

Mama aliniambia nipande niangalie. Kwenye ukumbi mdogo kulikuwa na kidirisha cha kupandia darini. Nilifunga leso puani, nikapanda ngazi, nikasukuma kifuniko kwa kichwa kwa kuwa mkono mmoja ulishika tochi. Kilichoangukia shingoni mwangu sikutaka kujua ni nini. Nilipomulika, sikuona mbao. Niliona sakafu ya kinyesi, nene, imepasuka kama udongo wa kiangazi, na juu yake njiwa waliokufa wametapakaa, wengine wanaonekana kupumua kwa sababu ya mabuu yaliyokuwa yakiwatembea ndani. Pembeni, njiwa mmoja mzima alikuwa amelalia kiota chake, na kiota hicho alikuwa amekijenga huku mguu wa njiwa mfu umeingia kati ya vijiti. Alinitazama kwa jicho lake jekundu, hakuondoka.

Nilitapika kutoka juu ya ngazi, nikamkosa Mama kidogo tu.

Baba alikataa dari ifunguliwe kabla ya wageni. Kubandua mbao kungeacha shimo, alisema, na hakukuwa na muda wa kupata nyingine. Badala yake akanunua rangi nyeupe, akapaka juu ya madoa mara mbili. Madoa yakapenya tena kila mara, ya manjano, na ile rangi mbichi ikaulowesha ubao ambao ulikuwa umeoza tayari. Sisi tulifukiza majani ya mkaratusi chumba hadi chumba. Nyumba ikanuka mkaratusi na mzoga.

Wageni walifika saa nne asubuhi. Walikuwa wazee wanne, wanawake watatu na bwana arusi mwenyewe. Walivuta pumzi mlangoni, nikaona, lakini heshima yao iliwaingiza. Aliyekuwa na sauti kati yao alikuwa shangazi ya yule kijana, mwanamke mrefu mwenye gauni la kijani na kitambaa cha kichwa cheupe. Mama na mimi tulipanga chakula mezani: kuku wa kuchemsha, ugali wa wimbi, mboga za kienyeji, wali kwa ajili ya vijana. Kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kilikuwa bado kimefungwa mdomo. Baba akasimama kuwakaribisha.

Dari ilifunguka polepole. Ubao wa katikati uliachana na msumari upande mmoja, ukainama kama mtu anayejiegemeza, na kwa muda kidogo hakuna kilichoanguka isipokuwa vumbi. Halafu kila kitu kikashuka. Kinyesi cha miaka miwili kilimwagika juu ya wali na kuku, na pamoja nacho manyoya, vijiti, maganda ya mayai, na njiwa watatu au wanne waliooza mpaka wakalainika. Mmoja alitua katikati ya sufuria ya mboga. Mzee mmoja alivua kofia yake, akaikung'uta taratibu, na mabuu yakaanguka magotini kwake. Hakuna aliyepiga kelele. Nilitamani mtu apige kelele. Tulikaa tu katika lile vumbi, na sauti pekee ilikuwa ya kitu kidogo kilicholia mezani, kama mlango unaohitaji mafuta.

Yule shangazi ndiye aliyenyoosha mkono. Alivua kitambaa chake cheupe, akakitumia kuokota kutoka kwenye ule uchafu kinda mmoja wa njiwa, mwenye nywele za manjano mwilini na mdomo mkubwa kuliko kichwa.

"Huyu bado anapumua," akasema. Kisha akawatazama wale waliooza, miguu yao iliyokunjamana na shingo zilizopinda. Alikuwa amefuga maisha yake yote, alijua mnyama aliyekufa kwa ugonjwa na aliyekufa kwa sumu. "Nani aliwawekea dawa?"

Baba alikuwa bado amesimama, mikono imening'inia.

"Ni mimi nilimwaga," nikasema.

"Ni mimi nilimtuma," Baba akasema baada yangu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Shangazi aliitikia kwa kichwa, akasema tutoke nje. Wazee wakabeba viti. Waliposogea kwenye tangi ili kunawa, Mama alilazimika kuwakimbilia na kuwaambia wasitumie maji yale, akanituma mtoni na ndoo. Hiyo ndiyo aibu iliyomvunja Mama. Sio dari. Ni kuwaambia wageni kwamba maji ya nyumba yake hayafai kugusa mikono yao, halafu wao wakawaza, bila kusema, kwamba sisi tulikuwa tukiyanywa.

Walikunywa mursik kutoka kwenye kibuyu, chini ya mti, hawakugusa kingine. Wazee walisema mazungumzo yataendelea siku nyingine. Hawakutaja siku. Kabla hawajaondoka, shangazi aliniwekea mkononi lile kinda, ndani ya kitambaa chake kilichochafuka, akasema nikiweza nimrudishe kwa mama yake. Dada yangu alijifungia chumbani.

Kesho yake Mama alienda sokoni mwenyewe, bila kumuuliza Baba, akarudi na fundi. Alikuwa mtu wa kutoka upande wa Kisii, ametua Chepilat miaka mingi, akitengeneza madirisha na mizinga ya nyuki, na kabla ya hapo alikuwa akirekebisha nyumba za wafanyakazi kwenye mashamba makubwa ya chai. Alizunguka nyumba akitazama upenuni, akapanda kwenye kidirisha, akakaa huko juu kwa muda mrefu. Aliposhuka alinawa mikono, akaomba kiti.

Baba alimwambia anataka mianya yote izibwe siku hiyo hiyo, kwa waya, kwa saruji, kwa chochote.

"Mzee, kuna viota vitatu viko na watoto," fundi akasema. "Ukifunga leo, hao wanakufa ndani. Halafu tutanuka tena mimi na wewe."

Akaeleza atakavyofanya. Kwanza tuondoe mizoga na kinyesi, lakini vile viota vitatu tusiviguse. Tuzibe upenu wote kwa waya wa kuku, tuache mwanya mmoja tu, ule ulio karibu na viota. Tungoje makinda wapate manyoya na waruke. Wakisharuka, pale mwanyani ataweka kilango cha waya mwepesi kinachofunguka kwa nje tu, ili atakayetoka asiweze kurudi. Siku mbili tatu bila ndege kuonekana ndani, ndipo aingie ahakikishe, apige misumari. Na chakula cha ng'ombe kisikae wazi zizini, wala mahindi yasianikwe bila mtu.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo niliwapa sumu, na sasa niwalee?"

"Sumu ulishajaribu, mzee," fundi akajibu, akanywa chai yake.

Nilisema mimi ndiye nitakayepanda naye. Mama alitaka kwenda, nikamkatalia. Tulifunga vitambaa puani na mdomoni, tukavaa makoti makuukuu ya mvua yaliyokuwa ya Baba kiwandani. Fundi alinifundisha kunyunyizia maji kwanza, kwa sababu lile vumbi likiingia kifuani ni ugonjwa. Maji yalipogusa kinyesi kikavu, harufu iliamka upya, kali, ikanichoma macho. Tulichota kwa sepetu fupi tukijaza magunia, tukitembea kwa magoti juu ya boriti. Njiwa waliokufa niliwaokota kwa mkono. Ukimshika mmoja kwa bawa, bawa lilikuja peke yake. Nilijifunza kuwaingizia kiganja chini, kama unavyochota unga, na nilisikia kupitia mfuko wa plastiki jinsi walivyokuwa wakitembea ndani. Nilitapika mara mbili kwenye gunia lile lile, nikaendelea. Fundi hakunicheka wala kunipa pole. Alikuwa ananipokea gunia likijaa na kunipa jingine.

Kazi ilichukua siku mbili. Baba alisema ile mbolea ingefaa mboga. Mama alimwambia akiiweka kwenye mboga zake atakula peke yake, na magunia yakazikwa shimoni mbali na mto.

Siku zote hizo kinda lilikuwa limelala jikoni ndani ya katoni, Mama akilitilia uji mdomoni. Lilikuwa kitu cha kuchukiza. Macho yake yalikuwa yamevimba, ngozi ya tumbo ilikuwa nyembamba hadi ukaona matumbo, na lilikuwa limejinyea. Nilipomshika alianza kuingiza mdomo wake wenye joto na unyevu kati ya vidole vyangu, akitafuta, akisukuma. Nilitaka kumtupa. Sitasema kwamba nilimhurumia, kwa sababu sikumhurumia. Lakini nilimpandisha ngazi, nikatambaa hadi kwenye kile kiota ambacho fundi alisema kimepungukiwa kinda mmoja, nikamweka kando ya mwenzake taratibu, nikarudi nyuma bila kugusa boriti kwa nguvu. Jioni tulichungulia, tukamwona njiwa mkubwa amewalalia wote wawili.

Wiki zile za kungoja zilikuwa ngumu kwangu kuliko kusafisha. Nilijua wapo. Nilisikia wakinyea juu ya dari tuliyoipangusa. Kila baada ya siku tatu nilipanda na karatasi za magazeti, nikatandika kuzunguka viota, nikaondoa zilizochafuka, njiwa wakinipiga kwa mabawa usoni. Makinda wa kiota kimoja walikufa, sijui kwa nini, nikawatoa. Wengine walifunikwa na manyoya ya kijivu, wakawa wanasimama kwenye mwanya na kutikisa mabawa, na siku moja baada ya Mwaka Mpya nikahesabu kwamba wameruka wote. Yule aliyeangukia mezani sikuweza kumtofautisha na wengine.

Fundi akaweka kilango chake. Jioni ya kwanza njiwa walirudi, wakakuta wanagonga waya. Walikuwa wakiganda pale kwa kucha, wakipigana, wakichungulia ndani, na mguno wao ulikuwa wa haraka haraka. Baba alitoa kiti, akaketi uani na vipande viwili vya mbao, na kila walipotua alivigonganisha. Alifanya hivyo jioni nne mfululizo, mtu wa umri wake, blanketi mabegani. Siku ya tano walitua wachache kwenye mti. Siku ya saba hakukuwa na hata mmoja, na fundi akapanda, akamulika kila kona, akateremka akaziba ule mwanya.

Walihamia kibanda cha kununulia chai, chini barabarani. Niligundua nilipopeleka kikapu changu na kukuta doa jeupe juu ya majani ya jirani. Nikamwambia mwenyekiti wa kibanda kuhusu fundi, na kuhusu waya wa kuku, na nikamsihi asiweke dawa. Alinitazama akitaka kujua nimeyajuaje mambo haya. Nilimweleza yote, mpaka mabuu, na aliacha kula andazi lake.

Baba aliukata ule mti wa saipresi ukiwa bado mchanga. Mbao zilitoka nyembamba na zenye mafundo, lakini zilitosha upenu wote. Tangi tulilimwaga, tukalisugua kwa mchanga na majivu, nikiwa ndani yake hadi magotini, na Mama akaweka kitambaa kipya kwenye mdomo wa mfereji. Pale ubao ulipoanguka Baba alipigilia mwingine wa rangi tofauti. Hakuupaka.

Watu wa Siongiroi walirudi mwezi wa pili. Walikuja bila kutuma habari nyingi, na shangazi alikuwa na kitambaa kipya cha kichwa. Mama alimletea maji ya kunawa kutoka tangini, akasimama akimtazama, na shangazi akanawa, kisha akakinga viganja akanywa. Mama alilazimika kuingia jikoni. Dada aliolewa mwaka huo huo. Siku ya kuondoka alinikumbatia akaninong'oneza kwamba kwenye nyumba yake hatataka dari.

Mimi na Baba hatukuwa tumezungumza juu ya lile karai. Kwa desturi yetu ya nyumbani mzazi hamwombi mtoto msamaha, na mimi sikungoja. Ilikuwa asubuhi moja ya ukungu, tunachuma chai mistari miwili iliyokaribiana, majani yamelowa, mikono imekufa ganzi. Baba aliacha kuchuma.

"Nilikutuma jambo baya," akasema. Alikuwa anaangalia miche, hakuniangalia mimi.

Ningeweza kunyamaza, akabeba lawama yeye peke yake. Nilikuwa nimewaza juu ya jambo hilo miezi yote, kila nilipoosha mikono, na nilijua kwamba kinyaa kilichobaki tumboni mwangu hakikuwa cha kinyesi wala cha mabuu.

"Nilifurahi, Baba," nikasema. "Wakati nawarushia, nilifurahi."

Alivunja majani mawili na chipukizi, akavitia kikapuni mgongoni, akachuma tena.

"Hata mimi nilifurahi," akasema.

Tuliendelea hadi mwisho wa mistari. Lori la kununua chai lilikuwa limeanza kupiga honi huko chini, na vikapu vyetu vilikuwa havijajaa nusu, tukaharakisha.